Asilimia Mia Moja na Kumi na Nane

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, mwalimu mstaafu wa jiografia aliupima ua wa nyumba yake kwa kamba yenye mafundo, akapata kwamba mahali pekee panapofaa kituo cha hali ya hewa ndipo ilipokuwa kamba ya mkewe ya kuanikia nguo. Alipima mara ya pili kuanzia jikoni, kwa kuwa mvuke wa jiko huharibu vipimo, na mara ya tatu kuanzia ukuta wa jirani, kwa kuwa ukuta huweka joto la mchana na kulitoa jioni kama mtu mwenye kinyongo. Jibu halikubadilika. Akapigilia kigingi chini ya shuka mbili na gauni moja lililokuwa bado linatona maji.

"Mwalimu," mkewe alisema kutoka mlangoni, "ukiing'oa kamba yangu, nitaanika nguo kwenye mabega yako."

"Kituo kinataka hatua kumi kutoka kila ukuta."

"Na nguo zinataka jua. Basi wewe hamisha ukuta."

Walipatana kabla ya chai ya saa nne. Kamba ilisogezwa hatua nne kuelekea langoni, na mwalimu akaahidi kuanua nguo yeye mwenyewe kila mvua itakaponyesha. Ahadi hiyo aliitimiza bila kukosa, akawa mtu wa kwanza mtaani kusoma kipimamvua akiwa na gauni la mkewe begani.

Kituo hicho hakikuwa mchezo wa mstaafu asiye na la kufanya. Binti yake mkubwa, aliyeishi nao, alipiga pasi shuka za hospitali katika kiwanda cha kufulia kilichokuwa nyuma ya maghala ya bandari. Miaka sita iliyopita, baada ya shuka tisa kupotea, mwenye kiwanda alikuwa ameyaziba kwa matofali madirisha yote kumi na mawili. Watu walimwita Bwana Shuka, naye hakulichukia jina hilo. Hewa ya pwani ile ilikuwa nzito hata nje ya nyumba: chumvi ilishikamana chupani, viatu viliota ukungu kabatini kati ya Ijumaa moja na nyingine, na milango ilivimba ikakataa kufungika. Ndani ya kiwanda, penye mapipa manne ya kuchemshia na pasi kumi na moja, ilikuwa nzito zaidi. Na kwa kuwa haikuachiwa pa kutokea, ilitoka pamoja na wafanyakazi. Kila mwanamke alirudi kwake jioni na wingu juu ya kichwa.

Ukubwa wa wingu ulitegemea miaka ya kazi. Msichana aliyeajiriwa mwezi uliopita alikuwa na la kadiri ya leso. La binti ya mwalimu lilikuwa kadiri ya mto wa kulalia, jeupe juu, kijivu chini. Mkubwa wao, aliyekuwa na miaka kumi na tisa kazini na aliyeitwa Bibi Pasi, alikuwa na wingu pana kama meza ya watu sita, nalo lilinguruma kidogo kila alipokasirishwa. Kinyozi wa pale kona aliwaomba wasisimame karibu na kioo chake. Zaidi ya hapo hakuna aliyelalamika.

Binti, hata hivyo, alikuwa akikohoa. Kikohozi kilianza kama cha mtu anayebisha hodi, kisha kikawa cha mtu anayevunja mlango. Daktari alimsikiliza kifua, akalisukuma wingu kando kwa mkono ili apate mwanga wa kuandikia, akaandika: hewa, mara tatu kwa siku. Duka la dawa la hospitali halikuwa nayo.

"Acha kazi ile," mama yake alimwambia.

"Niache niende wapi, Mama? Mimi ni mpiga pasi."

Mwalimu alikwenda maktaba ya mji, akaketi na kitabu cha kanuni za majengo siku mbili, na siku ya tatu akaipata kanuni ya kumi na nne. Ilisema kwamba jengo lolote, liwe la kazi au la makazi, ambalo unyevu wake umepita asilimia tisini na tano kwa siku ishirini na moja mfululizo, sharti lifunguliwe madirisha yasiyopungua upana wa mita moja. Aliinakili kwa mwandiko wake mzuri, ule ule ulioandika ubaoni miaka thelathini na minne, akaenda kwa Bwana Shuka kuomba ruhusa ya kuweka kipimaunyevu kiwandani.

Bwana Shuka alikitazama kifaa pande zote. Kilikuwa vipimajoto viwili vilivyofungwa ubaoni sambamba: kimoja kikavu, na kingine kilichovishwa kitambaa cha pamba ambacho ncha yake ilitumbukizwa katika kichupa cha maji.

"Hiki chenyewe kina maji, Mwalimu. Kitaniongezea unyevu."

Maneno hayo, kwa habari ya kile kichupa, hayakuwa uongo kabisa, na mwalimu, aliyekuwa mtu wa haki, alikiri hivyo mbele yake. Akarudi na kifaa chake kwapani. Alipofika nyumbani alimkuta binti yake kizingitini akivua viatu, wingu likisubiri juu yake. Hapo akaona kwamba, ikiwa kipimo hakikubaliwi kuufuata unyevu, unyevu wenyewe ulikuwa ukikifuata kipimo kila siku saa kumi na mbili kasorobo za jioni.

Ndiyo maana akapima ua.

Kibanda cha vipimo alikijenga kwa mbao, kuta zake zikiwa za vibao vilivyolazwa kwa mwinamo ili upepo upite na jua lisipite. Alikipaka rangi nyeupe mara tatu. Misumari ya chuma aliikataa, kwa maana pwani ile iliila kwa wiki moja. Akatumia skrubu za shaba, na kila skrubu akaipaka mafuta kabla ya kuifunga. Mlango aliuelekeza mbali na jua. Kipimamvua alikizika hadi kiunoni ili kisitikisike, na kishale cha upepo akakiweka juu ya mlingoti, akakifuta chumvi kwa maji baridi kila Jumamosi. Daftari lilikuwa la penseli peke yake, kwa kuwa wino katika hewa ile hutambaa.

Nguzo za kibanda zilihitaji msingi, akaitwa fundi mwashi wa mtaa, mtu mwenye mikono mipana na mdomo usiokwisha maneno.

"Shikamoo, Mwalimu. Nasikia unajenga nyumba ya upepo."

"Marahaba. Ninajenga kituo cha hali ya hewa."

"Haya, ni yale yale. Upepo nao umechoka kulala nje." Alichanganya saruji, akasimika nguzo, akazipima kwa timazi. "Kiwanda cha shuka kule, yale madirisha, niliziba mimi. Kazi safi ile. Hata sisimizi hapiti."

"Najua kuwa ni wewe."

"Mimi kazi yangu kuziba, Mwalimu. Ufa, dirisha, ukitaka hata mdomo wa mkeo, naziba."

"Jaribu," alisema mke wa mwalimu kutoka kwenye kamba yake mpya, na fundi akainama kwenye saruji haraka.

Jioni ya kwanza ya upimaji, binti alisimama mbele ya kibanda, baba yake akafungua mlango, na wingu likaingia lenyewe, polepole, kama kuku anayerudi bandani. Likajikunja likaenea. Mwalimu alifunga mlango, akangoja dakika kumi kwa saa yake ya mkononi, akasoma. Kipimajoto kikavu kilionyesha nyuzi ishirini na nane. Kibichi kilionyesha thelathini. Katika vitabu vyote kibichi hakiwezi kukipita kikavu, kama vile sikio halipiti kichwa. Kwa hiyo alisafisha kitambaa, akabadilisha maji, akasoma tena. Ilikuwa thelathini.

Jedwali la unyevu lililochapishwa lilikoma kwenye mia moja. Mwalimu alibandika karatasi ya pili chini yake, akaliendeleza kwa rula kwa kufuata mwendo ule ule wa namba, akapata asilimia mia moja na kumi na nane. Aliiandika kwa penseli, akapigia mstari.

"Nyingi?" binti aliuliza. Bila wingu uso wake ulionekana wote, na ulikuwa umechoka.

"Ni kumi na nane zaidi ya zilizopo."

"Basi zinatosha kufungua dirisha?"

"Zinatosha kufungua kumi na mawili."

Binti alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika nguzo ya kibanda mpaka kikapita. Mwalimu aliandika saa ya kikohozi kwenye safu ya maelezo, kisha akafungua mlango, wingu likarudi kwa mwenyewe.

Walifanya hivyo jioni ishirini na moja. Namba haikushuka chini ya mia moja na kumi na tano. Siku ya ishirini na mbili mwalimu aliketi mezani na fomu ya idara ya afya ya kazi. Binti aliketi upande wa pili, mama yake akisimama kando yao na taa. Fomu iliuliza mahali palipochukuliwa kipimo.

"Andika kiwandani, Baba," binti alisema.

"Hakikuchukuliwa kiwandani."

"Lakini wingu ni la kiwandani. Kila mtu anajua. Kinyozi anajua."

"Kinyozi hajazi fomu. Kipimo huandikwa mahali kilipochukuliwa. Nimewafelisha wanafunzi mtihani kwa kosa hilo hilo."

"Mwalimu," mkewe alisema, "huyu si mwanafunzi."

Mwalimu aliandika: nyumbani kwangu, uani, hatua kumi kutoka kila ukuta. Aliandika pia, katika ukurasa mzima wa maelezo, wingu limetoka wapi, miaka mingapi, na madirisha yamezibwa na nani. Hakuna neno lolote katika ukurasa ule ambalo halikuwa kweli.

Afisa wa afya ya kazi alifika jioni moja baada ya wiki tatu, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa ngozi ulioota ukungu pembeni. Alipomwona mwalimu alisimama wima kabla hajajua kuwa amesimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilikuwa darasa lako, dawati la pili, karibu na dunia ya plastiki."

"Marahaba. Ulikuwa ukichanganya mashariki na magharibi."

"Niliacha, Mwalimu. Ulinichorea mishale viganjani."

Alikikagua kituo kwa heshima. Alisifu skrubu za shaba. Alitia kidole kwenye wingu la binti, akakitazama kilivyolowa, akakifuta kwa leso, akasoma vipimajoto kibandani, akaandika. Kesho yake asubuhi alikwenda kiwandani na kifaa cha serikali, akiwa na barua yenye mhuri ambayo Bwana Shuka hakuweza kuikataa.

Bwana Shuka, hata hivyo, alikuwa amepata habari. Asubuhi hiyo aliwapa wafanyakazi mapumziko ya saa nzima, ya kwanza katika miaka sita, na wote kumi na mmoja walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara wakila miwa, mawingu yao yakiwa juu yao. Ndani ya kiwanda hapakubaki unyevu wowote isipokuwa wa matofali. Kifaa cha serikali kilisoma asilimia sabini na moja. Afisa alisoma mara tatu, akatazama ng'ambo ya barabara, akatazama tena kifaa.

Uamuzi aliuleta mwenyewe kwa mkono, kwa sababu ya dawati la pili.

"Mwalimu, kiwandani nimepata sabini na moja. Uani kwako nimepata mia moja na kumi na sita, na wewe mwenyewe umeandika kwamba ni kwako. Kama fomu ingesema kiwandani, ningekuwa na pa kushikia."

"Umesoma ukurasa wa maelezo?"

"Nimeusoma. Ni mzuri sana, nimewasomea wenzangu ofisini. Lakini maelezo hayana mhuri. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kipimo ni mali ya mahali."

"Ni mimi."

Akampa karatasi. Chini ya kanuni ya kumi na nne, mmiliki wa nyumba hii aliamriwa, ndani ya siku ishirini na moja, kuyapanua madirisha ya nyumba yake hadi upana usiopungua mita moja.

Binti alisoma karatasi ile aliporudi kutoka kazini, akiwa bado na viatu miguuni. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri kwa mikunjo minne, kama anavyokunja shuka.

"Neno moja, Baba. Ungeandika neno moja tu."

"Ningeandika hilo neno, na namba zote ishirini na moja zingekuwa uongo."

"Namba hazikohoi, Baba."

Akaenda chumbani kwake, wingu likimfuata na kuminyika mlangoni. Mwalimu alibaki mezani. Katika miaka thelathini na minne ya kufundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kumpa hoja ambayo hakuwa na jibu lake, na sasa alikuwa amepewa ya maneno matatu. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa. Hakujuta alichoandika, lakini aligundua, kwa mshangao mdogo aliouweka moyoni, kwamba kutojuta hakukumpunguzia chochote.

Kesho yake alimwita fundi mwashi.

"Yaani nizibue?" fundi aliuliza. "Mwalimu, hiyo ni kuniambia nitembee kinyumenyume."

"Sheria inasema mita moja. Wewe nifanyie mita moja na nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Kwa sababu nimeamriwa ile moja tu. Nusu ni yangu."

Fundi alifanya kazi siku nne. Ukuta wa upande wa bahari ulifunguliwa mahali patatu, na wa upande wa barabara mahali patatu vilevile, sawasawa, kwa maana mwalimu alitaka upepo uingie na utoke bila kupinda. Siku ya nne, saa tisa alasiri, upepo uliingia sebuleni, ukafunua kalenda hadi Desemba, ukatokea upande wa pili. Mke wa mwalimu alisimama katikati ya chumba na mikono yake ikiwa mbali na mwili.

"Miaka yote hii," alisema, "kumbe tulikuwa tunaishi ndani ya kiatu."

Matofali yaliyotoka ukutani fundi aliyapanga kwenye mkokoteni wake. Mwalimu alimuuliza anayapeleka wapi.

"Kwa Bwana Shuka. Kumebaki kitundu kimoja, juu ya choo, njiwa wanaingia. Anataka nikizibe Jumatatu."

Mwalimu alimtazama. Fundi naye alimtazama mwalimu, akajipangusa vumbi usoni.

"Nisipoziba mimi, ataziba mwingine, tena vibaya."

"Lakini si kwa matofali yangu."

"Si kwa ya kwako," fundi alikubali, akayashusha moja moja bila kinyongo, na bila kuulizwa akayajengea benchi refu chini ya madirisha mapya. Jumatatu alikiziba kile kitundu kwa matofali mengine. Ilikuwa kazi safi.

Binti alikaa siku mbili bila kusema na baba yake zaidi ya salamu. Siku ya tatu alirudi kutoka kazini, akaketi kwenye kiti kilichokuwa kati ya madirisha mawili, na wingu lake likaanza kuvutwa na upepo, kwanza kingo, kisha katikati, nyuzi nyembamba zikitoka dirishani kuelekea nje. Ilichukua dakika arobaini. Lilipokuwa limebaki kadiri ya leso, alilala palepale kitini, mdomo wazi, na hakukohoa mpaka alipoamshwa kula.

"Baba," alisema akijinyoosha, "mita moja na nusu?"

"Ndiyo."

"Bibi Pasi anauliza kama anaweza kuja. Lake halitapita mlangoni."

"Apitie dirishani."

Wakaja wote. Kila jioni, baada ya kengele ya kiwanda, wanawake kumi na mmoja waliketi kwenye benchi la matofali na kwenye viti vya sebuleni, wakachomoa miguu viatuni, wakapiga soga na kucheka, na mawingu yao yakapitishwa na upepo kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine. Msichana wa leso alimaliza upesi kuliko wote, na akataniwa kwamba hajafanya kazi bado. La Bibi Pasi lilihitaji saa mbili, na siku ya kwanza lilipopungua lilinyesha juu ya rafu ya vitabu. Mke wa mwalimu alikimbilia beseni. Mwalimu alizitazama atlasi zake zikilowa, akaleta bilauri yenye alama za milimita, akaiweka chini ya rafu.

"Samahani, Mwalimu," Bibi Pasi alisema. "Halina adabu hili."

"Kaa, mama. Mvua ni mvua."

Mtaa ulizoea. Bustani iliyokuwa upande wa pili wa madirisha ikawa haihitaji kumwagiliwa, na jirani mwenye ukuta akaomba siku moja moja wanawake waelekezwe upande wake. Bwana Shuka naye alipita siku moja, akaisifu nyumba kwa uzuri wa hewa yake, akamshukuru mwalimu kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wakifika asubuhi wakiwa wepesi. Aliwaongezea shuka arobaini kwa siku.

Mwalimu aliendelea kupima. Asubuhi, kabla binti hajaondoka, wingu liliingia kibandani likiwa jembamba. Jioni, kabla hajaketi, liliingia likiwa nene. Namba hizo mbili aliziandika katika safu mbili za fomu ya idara, kila moja mahali ilipochukuliwa. Kisha kwa rula akachora safu ya tatu, ambayo fomu haikuwa nayo, akaandika humo tofauti kati ya asubuhi na jioni. Tofauti hiyo haikuwa ya nyumbani kwake, na hakudai kuwa inatoka popote. Ilikuwa hesabu ya kutoa tu, ya darasa la tatu. Mwishoni mwa mwezi aliituma.

Ilirudi baada ya siku kumi, na mhuri, na barua fupi ya afisa wa dawati la pili. Alimsalimu kwa heshima zote, akasikitika kwamba fomu ina safu mbili tu. Mwalimu aliisoma barua ile dirishani, wanawake wakicheka nyuma yake na binti yake akicheka kuliko wote, kwa pumzi ndefu. Akaiweka kwenye faili. Akachukua fomu mpya, akachonga penseli, akailaza rula juu ya karatasi, akachora mstari.